Kila Kifaa na Mahali Pake
Andiko: 2 Wafalme 6:1-7

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Kawangware. Siku moja tulikuwa kazini Lavington, nikaikosa spana kubwa. Mbele ya mwenye nyumba, nikamwambia kijana wangu wa mkono kwamba ameiuza. Jioni nikaipata chini kabisa ya gunia langu, imefunikwa na vipande vya paipu.

Usiku huo nikasoma habari za yule mwana wa manabii. Alikuwa akikata mti, chuma cha shoka kikaanguka Yordani, tena shoka lenyewe la kuazima. Elisha akamuuliza kimeangukia wapi, naye akamwonyesha mahali. Hakumnyooshea mwenzake kidole. Je, mimi ningeonyesha wapi?

Basi nikanunua sanduku kule Kirinyaga Road. Spana na nyundo chini, bisibisi na tepu kwenye trei ya juu. Kila kifaa nimekichorea umbo lake kwa kalamu. Nafasi ikiwa tupu, naiona kabla hatujatoka kwa mteja. Vya kuazima nimevifunga utepe mwekundu, virudi kwa wenyewe kila Jumamosi.

Kijana nilimfuata kwao Kangemi, nikamwomba msamaha mbele ya mamake. Kwa mwenye nyumba bado. Tunaenda Jumatatu, sisi wawili.