SOMO LETU: MWANACHAMA AKIKATAA KULIPA, TWENDE WAPI?

Wapendwa wanavikundi, swali hili huulizwa sana: mwanachama amekopa pesa za kikundi, akatia sahihi kwenye daftari, na sasa hataki kulipa. Tufanyeje?

Wengine huenda kwake wakabeba mbuzi na mabati. Hapo wenye haki wanageuka kuwa wenye makosa, maana kuchukua mali ya mtu kwa nguvu kunaweza kuwapeleka ndani. Wengine hukimbilia polisi. Lakini kushindwa kulipa deni, peke yake, si wizi. Hiyo ni kesi ya madai.

Kesi ya madai ni nini?

Kesi ya jinai huletwa na serikali, na mwenye hatia hufungwa au hutozwa faini. Kesi ya madai ni ya mtu na mwenzake. Mdai anataka alipwe deni au afidiwe hasara yake. Korti husikiliza pande zote mbili, hupima ushahidi, kisha hutoa hukumu. Anayeshinda si mwenye sauti kubwa, bali yule ambaye ushahidi wake una uzito zaidi.

Korti gani?

1. Madai ya pesa au bidhaa yasiyozidi Sh. 1,000,000 huenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Unaweza kujisemea bila wakili, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60. Lakini haisikilizi kesi za ardhi, za kazi wala za kuharibiwa jina.

2. Madai makubwa zaidi husikilizwa na hakimu, kulingana na cheo chake. Hakimu Mkuu mwisho wake ni Sh. 20,000,000. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

3. Kesi za mashamba zina korti yake, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na pia mahakimu walioidhinishwa kuzisikiliza.

Msilale! Deni la mapatano lina miaka 6 tu. Ikipita, korti haitalipokea.

Kabla ya kwenda kortini

Mathayo 18:15 inatufundisha kuanza na ndugu yetu faraghani. Basi mwendeeni kwanza, kisha waiteni wazee. Mkipatana, andikeni na wote watie sahihi. Akikataa, mwandikieni barua ya kudai na mbaki na nakala. Mkifika kortini chukueni daftari la mikopo, kumbukumbu za mkutano, risiti na shahidi aliyeona pesa zikitolewa. Bila hivyo, hata mwenye haki anaweza kushindwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kila mkopo wa kikundi chetu una sahihi ya mkopaji na ya shahidi?
2. Daftari linawekwa wapi? Likipotea leo, tutathibitisha vipi madeni yetu?
3. Ni deni gani limekaa karibu miaka 6?

Jibuni kabla ya kutoa mkopo mwingine.