Mbwa Kiziwi Haitwi kwa Mdomo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Hakikisha ni kiziwi kabla hujamwita mkaidi. Akiwa amelala, simama hatua kadhaa nyuma yake utikise shada la funguo. Usikanyage kwa kishindo wala usisimame upande unaotoka upepo, maana atageuka kwa mtikisiko au kwa harufu yako, nawe utadhani amesikia. Mbwa mweupe au wa madoa mshuku mapema. Seli zinazotia rangi mwilini zinahitajika ndani ya sikio pia, na zikikosekana, seli za kusikia hufa mtoto akiwa na wiki 3 au 4 tu. Katika vipimo vilivyofanywa Marekani, mbwa wa aina ya Dalmatian karibu 30 katika kila 100 walikutwa hawasikii kwa sikio moja au yote mawili, na 8 hivi kati yao hawasikii kabisa. Anayesikia kwa sikio moja anaijua sauti yako, ila hajui imetoka wapi, kwa hiyo ukimwita anaweza kukimbilia upande ambao hupo. Nimeona mbwa wa namna hiyo akichapwa kwa "kosa" hilo, na iliniuma sana.

Usirushe jiwe. Wala kijiti, wala kandambili. Najua ndiyo njia ya haraka ya kumfanya ageuke, na mitaani kwetu mbwa wamezoea kurushiwa mawe hata na watoto wa shule. Lakini mbwa kiziwi hajui jiwe limetoka wapi wala kwa nini limekuja. Anachojifunza ni kwamba wewe ukiwa nyuma yake, kitu kinauma. Baada ya hapo utamwita mpaka uchoke.

Usimfungue kamba mahali pasipo na uzio. Hata akiwa na miaka mitano, hata kwa dakika mbili. Wangu aliniponyoka getini jioni moja, akatimua mbio kuelekea barabarani, kanipa mgongo. Bodaboda ilikuwa inateremka. Nilipiga kelele nikimwita jina lake hadi koo likakauka, jina ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Dereva alimkwepa, akaangukia mtaroni, akachunika goti na kiwiko. Nilimlipia matibabu, na ilikuwa haki yake kabisa. Tangu siku hiyo hatoki nje ya geti bila kamba ya mita 10, na ncha yake ninayo mkononi.

Mlipe kila anapokutazama. Kazi yote iko hapa, na ndipo watu wengi wanaparuka. Ishara ya mkono haina maana kwa mbwa anayeangalia pengine, kwa hiyo kutazama kunafundishwa kabla ya kuja. Weka mfukoni vipande vya maini yaliyochemshwa, kila kimoja kiwe kidogo kama punje ya mahindi. Kaa uani utulie. Akigeuka mwenyewe akakutazama usoni, hata kwa sekunde moja, nyoosha dole gumba papo hapo, kisha mpe kipande. Dole gumba ndilo "vizuri" yake. Lisitokee bila chakula kulifuata, wala chakula kisilitangulie. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kabla hajala. Usimguse ili ageuke, usimvute. Subiri. Siku ya kwanza wangu alinitazama mara nne. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akinusa kando ya ukuta, anatembea hatua sita au saba, anainua kichwa kunitafuta, anaona dole gumba, anakuja kuchukua chake, anarudi kunusa. Kule kugeuza shingo bila kuombwa ndiko kunakobeba mafunzo mengine yote.

Chagua ishara moja kubwa, nyumba nzima iitumie. Sisi humwita mtu kwa kiganja kilichoelekea chini, vidole vikikunjwakunjwa. Kwa binadamu ni adabu, lakini mbwa aliye mita 30 haoni kitu. Tumia mkono mzima: unyooshe pembeni usawa wa bega, kisha uulete kifuani. Baba, mama na watoto wafanye hivyohivyo, na dada wa kazi zaidi ya wote, maana ndiye anayeshinda na mbwa. Usisimame jua likiwa mgongoni kwako ukawa kivuli tu machoni pake. Uso usinune. Tamka "njoo" kwa mdomo pia, kwani ukitamka kwa furaha uso nao hufurahi, na uso wako anausoma. Anza kwa hatua mbili, kisha tano, kisha urefu wote wa kamba. Akifika, shika ukanda wa shingoni kwanza ndipo umpe chakula, asizoee kunyakua na kuondoka.

Usimwite kwa jambo asilolipenda. Kuogeshwa, sindano, kufungiwa bandani: mfuate mwenyewe alipo. Na akichelewa, hata kama umekasirika, akija mlipe.

Ukanda wa kutetema, sawa. Wa umeme, hapana, hata ukipewa bure. Mtetemo nao hufundishwa akiwa nyumbani, kwa siku nyingi: tetemesha, mpe chakula, mpaka akiuhisi akutafute kwa macho. Usiku washa na kuzima taa ya barazani, au mulika tochi ardhini mbele yake, si machoni. Leza usiitumie kabisa, kuna mbwa wanaoishia kufukuza nuru kutwa nzima. Kupiga mguu chini kunafaa kwenye sakafu ya mbao, si kwenye saruji zetu.

Usimwamshe kwa kumshtua. Mbwa aliyeshtuliwa usingizini anaweza kuuma kabla hajajua ni nani, na mtaa mzima utamwita mkali. Weka kiganja mbele ya pua yake, harufu imfikie, ndipo umguse bega taratibu na kumpa chakula. Watoto wa jirani waelezwe hilo kabla hawajaingia ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa asiikose hata mwaka mmoja.

Mfunge kengele ndogo shingoni, kama ya mbuzi, upate kujua yuko nyuma ya banda au kwenye migomba.

Na kama mbwa wako anasikia lakini anazeeka, anza leo. Kila unapomwita kwa jina, ulete na mkono kifuani, ili masikio yakififia awe ameshaizoea ishara.