Nataka kutafiti magendo ya Ruvuma, mama hataki

Kwetu ni Namoto, wilaya ya Palma nchini Msumbiji, ng'ambo ya Kilambo. Vita vilipoingia Palma mwaka 2021 tulihamia Mtwara. Nina shahada ya kwanza, sasa naomba nafasi ya uzamili nitafiti uhalifu unaovuka mipaka. Nataka kuwahoji wenye mitumbwi ya mto Ruvuma, wengine wajomba zangu. Mama anasema nitaiuza familia. Nifanyeje?
Binti wa Namoto

Mwanangu, soma, tena soma hilo hilo. Ila mama ana haki ya kuogopa. Januari 2019 mwandishi Amade Abubacar alikamatwa Macomia, Cabo Delgado, akizungumza na waliokimbia makwao, akakaa ndani zaidi ya miezi 3. Aprili 2020 Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka. Penye vita, mwenye daftari la maswali hushukiwa na pande zote.

Kwanza, tenganisha mambo. Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000 kuhusu uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka unataja kundi la watu 3 au zaidi, wanaoshirikiana kwa muda kutenda kosa zito, lenye kifungo cha juu cha miaka 4 au zaidi, ili wapate faida. Mjomba anayevusha mchele na vitenge haingii humo kwa kuwa tu ana mtumbwi. Ukimweka kapu moja na wenye heroini na pembe za ndovu, umemdhulumu.

Pili, anzia mahakamani. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimfunga Yang Fenglan miaka 15 kwa biashara ya pembe za ndovu. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Humo tafuta nani alibeba, nani alilipa, mzigo ulipita wapi. Hapo ndipo kuzaliwa Namoto kutakufaa: shahidi akidai pantoni ilivuka maji yakiwa yametoka, wewe unayejua kuwa husubiri maji yajae utashtuka, mwingine atapita tu.

Tatu, wajomba usiwahoji. Watashindwa kukukatalia, na hata ukificha majina, kijiji kizima kinajua mtumbwi ni wa nani. Wengine wahoji baada ya kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH) na idhini ya maadili ya chuo. Msumbiji nako kuna taratibu zake.

Andika pendekezo lako hivyo, kisha msomee mama kabla hujalipeleka kwa msimamizi. Akikuta mstari unaomtambulisha mtu wenu, ufute.