Mtarakwa: Mti wa Kupandia Wajukuu

Mtu akipita katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare hata Mau na Cherangani, ataona mara kwa mara nguzo za ua zenye rangi ya kijivu, zilizopasuka kwa jua la miaka mingi, lakini zingali zimesimama imara. Akiuliza umri wake, huenda akaambiwa kwamba zilichimbiwa na baba au babu wa mwenye shamba. Nguzo hizo ni za mtarakwa. Wakikuyu huuita mutarakwa, Wakalenjin tarakwet, na Wamaasai oltarakwai. Wataalamu huuita Juniperus procera. Lakini mpita njia huyo akiuliza tena, “Je, nguzo za kesho zimepandwa wapi katika shamba hili?” wengi hawana jibu. Basi somo letu ni juu ya jibu hilo.

Sifa za mti huu

Mtarakwa ni mti mrefu, ulionyoka, nao huweza kupita futi 100. Majani ya mche ni makali kama miba, bali ya mti mkubwa ni madogo kama magamba yaliyolalia kijiti. Gome lake hubanduka kwa vipande virefu, na wafugaji wa nyuki wamelitumia tangu zamani kwa kazi ya mizinga. Ukikatwa, shina lina sehemu mbili: nje mbao nyeupe, na ndani moyo mwekundu wenye harufu nzuri. Moyo huo ndio mali yenyewe, kwa maana mchwa hawaupendi wala hauozi upesi ardhini. Ile sehemu nyeupe haina nguvu hiyo. Kwa hiyo mti mchanga, ambao moyo wake bado ni mwembamba, hautoi nguzo nzuri hata ukionekana mnene.

Mbao zake hupasuka kwa urahisi na kwa unyofu. Fundi mwenye shoka na kabari aweza kupasua nguzo nyingi pasipo msumeno. Tena mbao hizo huchongeka vizuri, na kwa sababu hiyo katika karne ya 20 zilipelekwa Ulaya kufanyiwa penseli. Penseli, nguzo, mbao za kujengea na vigae vya paa vilimaliza miti mingi iliyokuwa imekua kabla ya wakataji kuzaliwa. Siku hizi kukata miti katika misitu ya serikali bila kibali ni kosa la sheria. Anayetaka mtarakwa yampasa aupande katika ardhi yake mwenyewe.

Mfano kutoka Scotland

Huenda msomaji akasema, “Mti huu hukua polepole mno. Nitapata faida gani?” Swali hilo ni la haki, na si la Kenya tu. Katika milima ya Ulaya uko mti uitwao lachi, ambao pia ni wa jamii ya miti yenye majani kama sindano, na mbao zake hudumu sana zikiwekwa nje kwenye mvua. Mwaka 1738 miche michache ya lachi ilipandwa Dunkeld, nchini Scotland, karibu na kanisa kuu, katika ardhi ya Dyuki wa Atholl. Mbegu za miti hiyo zikakusanywa, na warithi wake wakaendelea kupanda vilima vilivyokuwa vitupu, hata miti ikafika mamilioni. Waliopanda ile ya kwanza hawakuiona ile ya mwisho. Lakini mmoja wa miti ile ya 1738 ungali hai hadi leo. Sisi hatuhitaji kuleta mti kutoka nchi nyingine. Mtarakwa ni wa milima yetu wenyewe, na mbegu zake zimo humu humu.

Mahali pa kupanda

Mtarakwa hupenda nchi ya baridi iliyo juu, kadiri ya futi 5,000 hadi 10,000 toka usawa wa bahari. Huvumilia ardhi ya mawe na mteremko ambako mahindi hayastawi, lakini haupendi mahali ambapo maji husimama. Jambo kubwa zaidi ni mwanga. Katika msitu, miche ya mtarakwa haistawi katika kivuli kizito cha miti mingine. Huota kwa wingi mahali palipofunguka, kwa mfano baada ya moto kupita. Basi usiupande chini ya miti mikubwa ukidhani unaulinda. Upe mahali peupe.

Pili, fikiria urefu wake wa baadaye. Mche wa leo watoshea katika kopo, lakini utakapokuwa na futi 80 utaweza kuangukia nyumba au zizi. Pima hatua nyingi kutoka kwenye majengo, zaidi ya urefu unaotazamia mti huo ufikie. Kama unapanda mpakani, zungumza kwanza na jirani, mkubaliane mti ni wa nani na nani atakayeukata, tena mbele ya mashahidi. Wazee waweza kusahau, lakini mti hubaki, na watoto wao ndio watakaogombana.

Mbegu na kitalu

Iko mitarakwa ya kiume na mitarakwa ya kike, na ile ya kike tu ndiyo huzaa. Kwa hiyo mti mmoja uliosimama peke yake usikushangaze usipozaa mbegu. Matunda ni madogo ya mviringo, yenye rangi ya buluu inayokaribia weusi yakiiva. Yakusanye yaliyoiva, uyaponde polepole, uoshe nyama yake, kisha utie mbegu majini. Zinazoelea mara nyingi ni tupu, zitupe. Zinazozama zianike kivulini.

Panda mbegu katika kitalu chenye udongo laini uliochanganywa na mchanga, uzifunike kwa udongo kidogo tu, na utie kivuli chepesi cha nyasi. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo ili mbegu zisifukuliwe. Usikate tamaa, kwa kuwa huota polepole wala haziotei pamoja. Miche ikisimama vema, ihamishe kwenye mifuko au makopo, na uiondolee kivuli kidogo kidogo ili izoee jua. Yaweza kukaa kitaluni mwaka mzima au zaidi. Asiye na mti wa kike karibu aweza kuuliza mbegu kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoko Muguga, au kumwendea afisa wa misitu aliye karibu naye.

Kupanda na kutunza

Chimba mashimo kabla ya mvua za masika, yenye upana na kina cha futi moja na nusu. Tenga udongo wa juu na ule wa chini. Mvua ikiisha kulowesha ardhi vizuri, toa mfuko bila kuvunja udongo ulioshika mizizi, weka mche wima, na urudishe kwanza udongo wa juu. Shindilia kwa mguu. Kati ya mche na mche acha futi 8 hadi 10. Baadaye utaondoa ile dhaifu, na iliyobaki itapata nafasi ya kunenepa.

Katika miaka ya kwanza adui ni watatu. Wa kwanza ni magugu, ambayo huuibia mche mwanga na maji. Palilia duara kuuzunguka kila mche. Wa pili ni ng’ombe na mbuzi, ambao huukanyaga na kuuvunja ncha. Zungushia miiba. Wa tatu ni moto. Ni kweli kwamba miche mipya hupenda mahali palipoungua, lakini mtarakwa uliokwisha kukua una gome kavu lenye nyuzi, nao huungua kwa urahisi. Safisha nyasi kavu kando yake kabla ya kiangazi.

Tena jihadhari na vidonda. Mitarakwa mingi mikubwa msituni ina uwazi ndani kwa sababu ya kuvu iozayo moyo wa mti. Usipigilie misumari ya waya katika mti ulio hai, wala usichezee shina kwa panga. Ukipogoa matawi ya chini, yakate yangali madogo, kwa msumeno mkali, karibu na shina bila kulichubua.

Njia ya kungojea

Mitarakwa mingi huharibika kwa sababu ya haja ya nyumbani. Mama wa nyumba anataka kuni leo, naye baba anataka karo ya shule mwezi ujao. Mti wa miaka 15 ukikatwa kwa shida hiyo, hutoa nguzo nyeupe ambazo mchwa watazila, na miaka yote 15 imepotea. Dawa yake ni kupanda pamoja nao miti ya kukua upesi, kama mukima, kando yake lakini pasipo kuufunika. Mukima utatoa kuni na fito mara kwa mara, na mtarakwa utaachwa kwa amani.

Wala si lazima kupanda mamia. Mwenye shamba akipanda miche 20 kwenye ukingo wa juu, ule wenye mawe, hakupunguza chakula cha watoto wake. Awaonyeshe watoto hao miti hiyo, awaambie mwaka iliyopandwa na sababu yake, na aandike mwaka huo katika daftari la nyumba. Asiyejua umri wa mti huukata upesi. Mashimo yachimbwe mapema, ili mvua za masika zikute kazi imekwisha anza.