SOMO LA MWEZI: KUKIMBIA, KUHAMISHWA NA KUHAMA
Kusoma: Mwanzo 12:1-5, Mathayo 2:13-15, Yeremia 29:1-14

Juzi katika maombi ya nyumbani mama mmoja aliletewa miche miwili ya parachichi (kwetu Kongo tunasema avoka). Akaikataa. "Mimi sikuhamia hapa," alisema. "Mti huo utazaa lini, nami nangoja kurudi?" Hakuna aliyemjibu, hata mimi. Ndiyo maana mwezi huu tunalichunguza neno lake.

Kuhama ni kutoka mahali unapokaa, pamoja na vyombo vyako, na kwenda kukaa kwingine. Aliyekwenda Mbarara kutibiwa hakuhama, maana kitanda chake kimebaki nyumbani. Anayehama hufunga mizigo na kuaga majirani. Abramu alihama: alitoka Harani na mke wake, Lutu, watu wake na mali yote. Tukisema kuhamia, tunataja tunakoelekea: "Walihama kijijini, wakahamia Goma." (Wengi wetu hutamka kuama, bila h. Watoto wakiandika hivyo shuleni msiwacheke, ila wasahihisheni.)

Kukimbia ni jambo jingine. Yusufu aliamshwa usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri. Vyombo havitajwi.

Na kuna kuhamishwa, ambapo mwingine ndiye anayeamua. Mwalimu au polisi akipelekwa kituo kingine tunasema amepata uhamisho. Angalieni sasa safari ya baadhi yetu. Mwezi wa Juni 2022, vita vilipofika Bunagana, watu walivuka mpaka kuingia Kisoro, wakapokelewa Nyakabande. Hapo walikuwa wamekimbia. Baadaye wakapandishwa magari, wakaletwa Nakivale. Hapo walihamishwa. Siku ya kuhama wenyewe, kwa kupenda, haikuwapo. Kwa hiyo mama yule alisema sawasawa.

Lakini neno uhamisho ndilo tunalotumia pia kwa habari ya Babeli. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza aliwachukua kutoka Yerusalemu mfalme Yekonia, wakuu, mafundi na wahunzi. Nao hawakuhama. Nabii Hanania alitangaza kwamba katika miaka miwili wote watarudi (Yeremia 28). Mtu akiamini hivyo hafungui mizigo, wala hachimbi choo cha kudumu. Yeremia akawaandikia barua: miaka sabini. Wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, wauombee amani mji walikopelekwa. Na katika barua hiyohiyo kuna ahadi ya kurudishwa. Bustani na kurudi vimo katika karatasi moja, ingawa wahubiri wengi huchukua kimoja na kuacha kingine.

Ninyi mtakaofundisha somo hili, msilitumie kumwambia mtu asahau kwao. Barua haisemi hivyo. Wala msifiche kwamba miaka sabini ni mingi: Koreshi alipotoa ruhusa ya kurudi, mwaka 538, wengi waliorudi walikuwa wana na wajukuu. Makazi yetu haya yanapokea watu tangu miaka ya 1950, na wako wazee kati yetu waliozaliwa hapa.

Kuhusu miche, parachichi la mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kuzaa. La kuunganishwa huzaa mapema zaidi, miaka mitatu au minne. Miche ile miwili bado iko nyuma ya kanisa ndani ya mifuko yake. Vijana wanaimwagilia kwa zamu, na mama yule anajua ilipo.

Kwa vikundi: Kila mmoja aseme, alipofika hapa, alikuwa amekimbia, amehamishwa, au amehama? Je, jibu limebadilika? Ni kazi gani hujaianza kwa sababu hukuhama?

Mwezi ujao tutaangalia neno "mgeni".