Dondoo muhimu: Salio linaisha na hujapiga simu?

Mshukiwa namba moja ni data. Kifurushi kikiisha usiku na data umeiacha wazi, ukiweka vocha ya 1,000 asubuhi simu inaweza kuanza kupakua masasisho na picha za magrupu ya WhatsApp kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo ni ghali zaidi. Hela imeliwa kabla hujasema "haloo". Zima data kwanza, weka vocha, nunua kifurushi, ndipo uwashe.

Halafu kuna huduma za kujiunga: nyimbo za miito, nyota, matokeo ya mpira. Ujumbe unaibuka kwenye kioo, mtoto anabonyeza "Sawa", basi, mmeshajiunga na makato yanaanza. Pekua SMS za namba fupi, zile ambazo wengi tunafuta bila kusoma. Neno la kujitoa mara nyingi limo humo.

Ulikopa salio? Deni na ada yake hukatwa ukiongeza vocha. Hapo hujaibiwa.

Bado huelewi? Kwa Tanzania, piga 100 (huduma kwa wateja), omba mchanganuo wa makato na namba ya lalamiko. Wakikuzungusha, nenda na namba hiyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano.