Somo la Wiki: Wakili wa Kesi za Biashara

Mkiulizwa wakili hufanya nini, wengi mtajibu, "Anamtetea aliyeshtakiwa kwa wizi." Ni kweli, lakini hiyo ni kesi ya jinai. Zipo kesi nyingine zisizo na polisi wala jela. Watu wawili wamefanya biashara, mmoja anasema, "Hukunilipa," na mwenziwe anajibu, "Hunidai kitu." Hiyo ni kesi ya madai, na leo tutamtazama wakili anayeshughulikia kesi za namna hiyo.

Maneno ya somo
Mdai: anayefungua kesi.
Mdaiwa: anayedaiwa.
Mkataba: makubaliano yanayofunga pande zote mbili.
Ushahidi: maneno, hati au vitu vinavyothibitisha jambo.
Msuluhishi: mtu anayekubaliwa na pande zote mbili awaamulie nje ya mahakama.
Hukumu: uamuzi wa mahakama.

Kisa cha kweli
Mohandas Gandhi alisomea sheria London, akawa wakili mwaka 1891. Aliporudi India, kesi yake ya kwanza huko Bombay ilimshinda. Alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja la kuuliza. Akaketi, na ada akairudisha.

Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara wa Durban, Afrika Kusini, ilimwajiri kwa mwaka mmoja, kwa pauni 105, asaidie katika kesi yake. Safari hiyo ilimpitisha kwetu pwani: Lamu, Mombasa na Unguja. Akiwa njiani kwenda Pretoria, ambako kesi ilikuwa, alitolewa kwenye treni pale Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, ingawa tiketi ya daraja la kwanza alikuwa nayo. Tukio hilo linajulikana sana, kuliko kesi yenyewe iliyompeleka huko.

Dada Abdulla alikuwa mdai. Mdaiwa, Tyeb Sheth, alikuwa jamaa yake. Deni lilikuwa pauni 40,000. Tyeb alidai kwamba hati za ahadi ya kulipa zilipatikana kwa udanganyifu. Basi kesi nzima ilikuwa ndani ya vitabu vya hesabu, na Gandhi hakujua utunzaji wa hesabu. Alifanya nini? Alinunua kitabu, akajifunza. Wazee wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kulikuwa na kazi nyingine. Barua nyingi za wafanyabiashara hao ziliandikwa kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao. Gandhi ndiye aliyezitafsiri. Kijana aliyeshindwa kusema mbele ya hakimu Bombay sasa alikuwa na kitu ambacho kesi haikuweza kwenda bila hicho: lugha aliyolelewa nayo.

Baada ya kusoma kila karatasi, aliona mdai ana haki. Aliona pia kwamba gharama za mawakili zinawamaliza ndugu wote wawili. Akawashauri waende kwa msuluhishi, nao wakakubali. Dada Abdulla alishinda: pauni 37,000 hivi, pamoja na gharama. Lakini Tyeb asingeweza kulipa zote kwa mkupuo bila kufilisika. Gandhi akamwomba mshindi apokee fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kuwapeleka kwa msuluhishi, lakini mwishowe Dada Abdulla aliridhia.

Kazi yenyewe leo
Wakili wa biashara husoma zaidi kuliko anavyosema. Husoma mikataba, ankara, barua pepe na taarifa za benki. Huandika madai, hubadilishana hati na upande wa pili, na huandaa mashahidi. Kesi nyingi huisha kwa mapatano kabla ya hukumu. Zikifika mahakamani, ndipo anaposimama kuuliza maswali, na swali zuri hutoka kwenye karatasi aliyoisoma usiku uliopita.

Tanzania ina Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu tangu 1999, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kwa hiyo mtoto anayesoma sheria ughaibuni na kukitunza Kiswahili chake ana milango miwili iliyo wazi.

Zoezi
1. Kwa nini Gandhi alijifunza utunzaji wa hesabu?
2. Dada Abdulla alishinda. Kwa nini basi akubali kungoja fedha zake? Andika sentensi nne.
3. Nyumbani: Asha amemuuzia Juma baiskeli. Juma amelipa nusu, anasema breki ni mbovu. Mtoto mmoja awe wakili wa mdai, mwingine wa mdaiwa, na mzazi awe msuluhishi. Kila wakili alete hati moja aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili.

Wazazi, tafadhali msiwape watoto majibu. Mzazi msuluhishi asikilize pande zote mbili kwanza, ndipo aamue.